Kifuniko cha Sindano

Wanja wa Gachoki hakuogopa ng'ombe. Naanza na hilo kwa sababu yote yaliyompata yalitoka kwa ng'ombe, ingawa chuoni kwetu hatukuwa na hata mbuzi. Kwao Kanja, upande wa Embu, baba yake ana majani chai kidogo, migomba, na ng'ombe wa maziwa ambao huwatibu mwenyewe. Daktari wa mifugo huitwa mambo yakiharibika kabisa. Homa ya kawaida, mzee hununua dawa dukani na kudunga kwa mkono wake, na kazi ya Wanja tangu utotoni ilikuwa kumshika mnyama pua kisha kuipokea sindano ikitoka.

Amri ya Gachoki ilikuwa moja: sindano ikishatoka kwa ng'ombe, kifuniko kirudi kabla hujavuta pumzi. Mtoto wa jirani aliwahi kukanyaga sindano iliyoachwa wazi kwenye nyasi, mguu ukavimba, akalazwa. Tangu siku hiyo mzee hakutaka mchezo. Wanja alikua akifunika sindano jinsi wewe unavyofunga mlango ukitoka nyumbani, bila hata kujua kwamba umeufunga.

Mimi ni Kathambi. Mama yangu huuza ndizi sokoni Nkubu na ulimi wake nimeurithi wote, kwa hiyo usishangae nikimsema mtu. Nilikaa chumba kimoja na Wanja katika chuo cha afya ambacho sitakitaja, huku upande wa Meru, tukisomea kazi ya maabara. Majina nimeyageuza, na aliyekuwa na haki ya kunikataza nisisimulie ameniruhusu.

Maabara yetu ilikuwa chini ya Madam Cicily, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha maiti. Alikuwa na kanuni zake, na tulizikariri hadi tukaziimba. Nywele zifungwe. Chakula kibaki nje, hata njugu mfukoni. Damu yoyote uihesabu kuwa ina ugonjwa, hata ikiwa ya askofu. Na sindano ikishatoka kwa mtu, isifunikwe tena kamwe. Inakwenda moja kwa moja kwenye lile kasha la njano lililo mezani, kwa sababu mikono miwili inayotafutana kwenye ncha ndiyo hudungana. Ukijidunga, alisema, usikamue wala usimwage Jik ya kufulia. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha uje kwangu mbio, siku hiyo hiyo.

Wanja aliziandika zote kwa mwandiko wake mzuri. Kama mtihani ungekuwa wa kuandika tu, angetushinda sote.

Siku ya kujifunza kutoa damu tulipangwa watatu kwa meza, kila mmoja awatoe wenzake wawili. Pamoja nasi alikuwa Muthamia, kijana wa Kiirua, mrefu, mpole, mwimbaji wa kwaya, mtu wa kukuombea samahani wewe ukimkanyaga. Wanja alianza na mimi. Sikuhisi kitu, na nilimwambia kwamba ana mkono wa baraka. Safari hiyo Madam alikuwa amesimama nyuma yetu, na sindano ikaenda kwenye kasha kama ilivyotakiwa. Kisha Madam akaitwa meza nyingine, na Wanja akamfunga Muthamia ule mpira wa kubana mkono.

Mshipa aliupata mara moja. Damu ikaingia kwenye kichupa, nyeusi kidogo, taratibu. Akafungua mpira, akachomoa sindano, akambandikia pamba. Alifanya vizuri sana, na nadhani ndiyo sababu akili yake ilipumzika. Mkono wake wa kushoto ukachukua kifuniko mezani. Niliuona ukienda, na kabla neno halijanitoka, kifuniko kikateleza kwenye glavu yenye jasho na ncha ikaingia kwenye kidole gumba.

Hakupiga kelele. Alinitazama tu, na uso wake ukapoteza rangi. Kisha akaitupa sindano kwenye kasha, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti jeupe, akasema anakwenda chooni. Nikamwachia Muthamia meza, nikamfuata.

Nilimkuta kwenye sinki la nyuma akifanya kila kilichokatazwa. Amekikamua kile kidole mpaka kikawa cha zambarau, na amekimwagia Jik.

"Twende kwa Madam," nikamwambia.

"Kathambi, nakuomba. Usiseme."

"Kwani uko na wazimu? Ni damu hiyo."

"Atanitoa maabara. Atasema nilifunika sindano, na ni ukweli nilifunika. Nitamwambia baba nini?"

Nilikasirika. Hivi mtu anaweza kufikiria aibu wakati kifo kiko kwenye kidole? Lakini hasira yangu ilikuwa koti la juu tu. Chini yake nilikuwa naogopa kama yeye, na mwoga hashawishi mwoga mwenzake. Tukarudi darasani, Wanja amevaa glavu mpya, na Muthamia akamwuliza kama yuko sawa. Akajibu yuko sawa. Nikaona Muthamia akiitazama ile glavu ya zamani aliyoitupa juu ya takataka, iliyokuwa na alama ya damu upande wa ndani.

Jioni ile Wanja hakugusa sahani yake ya githeri. Alikaa kitandani na daftari limefunguliwa, akisoma kile ambacho sote tulifundishwa: kwamba kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi visishike mtu aliyejidunga, kwamba zinafaa sana zikianzwa mapema, na kwamba siku tatu zikipita mlango unafungwa. Alisoma, akafunga daftari, akalifungua tena. Akaanza kujibembeleza kwa sauti.

"Muthamia hana kitu. Si unamwona alivyo? Hata mafua hashikwi."

"Damu haina uso, Wanja. Si ni wewe uliandika hivyo?"

"Nikienda huko wataniuliza ilikuwa damu ya nani. Aitwe apimwe. Kijana wa watu, alinipa mkono wake nijifunze, halafu nimlipe hivyo?"

"Basi nenda bila kusema jina."

"Na baba?"

Hapo ndipo ungemwelewa Wanja. Ana jina la nyanya yake, mama mzazi wa Gachoki, na kama ilivyo desturi kwao, mzee humwita mama, hata akimtuma maji. Mtu anayeitwa mama na baba yake hukua akijiona hana ruhusa ya kuanguka. Mzee alipopiga simu jioni hiyo, nilimsikia akiuliza, "Mama, kazi ya leo ilikuwaje?" na Wanja akajibu kwa sauti changamfu kwamba walitoa damu, na kwamba hakumwumiza mtu. Alipokata simu aliuuma mto ili vyumba vya jirani visisikie.

Kesho yake alikwenda darasani kama mtu aliyebeba yai. Kila alipokohoa, alinitazama. Alijishika shingo kutafuta uvimbe, alijitazama ulimi kwenye kioo cha simu, mambo ya kijinga ambayo yeye mwenyewe angemcheka mwingine kwa kuyafanya, kwani tulijua wazi kwamba hakuna dalili inayokuja upesi hivyo. Nikamwambia kwamba jua likizama hajaenda, nitakwenda mwenyewe kwa Madam. Akalia. Mimi nikaona vibaya, nikasema basi hadi kesho asubuhi. Ndivyo woga unavyokula wakati wa watu, kijiko kwa kijiko.

Muthamia ndiye aliyetukuta. Tulikuwa tunaanua nguo nyuma ya bweni baada ya masomo, akaja akiwa amekunja mikono ya shati, akasimama mbali kidogo jinsi alivyo.

"Wanja. Jana ulijidunga?"

"Hapana."

"Niliona glavu."

"Ilikuwa damu yako, ilimwagika kidogo."

Akaitika, akaondoka. Hakufika hata kona, akageuka. Nilimwona akirudi na nikajua kuna jambo, maana yule kijana wa kwaya alikuwa anatokwa na jasho, na huku kwetu mwezi wa Julai hakuna jua la kumtoa mtu jasho.

"Nenda leo," akasema. "Tafadhali. Usingoje kesho."

"Kwa nini unanilazimisha? Si nimesema sikujidunga?"

Nikashusha nguo, nikataka kuwaacha. Akanizuia kwa mkono. "Kathambi, kaa. Hii kitu nikisema, sitaki kuisema mara mbili." Akatazama chini. "Mimi nilizaliwa nayo. Natumia dawa tangu nikiwa mtoto. Naenda kliniki, napimwa, na virusi viko chini sana hadi mashine haivioni. Daktari wangu anasema hatari kwa mwingine ni ndogo. Lakini mimi si daktari wako. Nenda uanze dawa."

Wanja aliketi kwenye nyasi, pale pale, na shuka yenye unyevu mapajani.

Mimi ndiye niliyemrukia. Nilimwuliza anawezaje kumpa msichana wa watu mkono akijua alicho nacho. Nilimwita jina ambalo sitaliandika. Aliniacha nikamaliza, kisha akajibu polepole, na sauti yake haikupanda.

"Ningekataa kutoa mkono, darasa lote lingejua kabla ya chai. Na Madam alisema damu yote ni sawa, hata ya askofu. Niliamini mtafanya alivyosema."

Alikuwa na haki, na ubaya wa haki ni kwamba haikuondolei hofu. Nilipomtazama niliona pia kwamba anaogopa kutushinda sote wawili. Kidole cha Wanja kilikuwa na dawa. Yeye alikuwa ameweka maisha yake mdomoni mwa wasichana wawili wa bweni, na mmoja wao ni binti wa muuza ndizi mwenye ulimi mrefu.

Wanja alipoinuka alikwenda moja kwa moja kwa Madam Cicily, shuka bado mkononi. Nilitegemea kusikia ile sauti ya kuamsha maiti. Madam alisikiliza, akauliza lini, akakunja uso aliposikia ni jana, kisha akachukua mkoba wake na kusema, "Twende. Kukugombeza kutangoja."

Kwenye hospitali kuna mlango wa nyuma, wa kliniki ya ukimwi, ambao kila mtu anaujua. Hauna maandishi makubwa, lakini ukionekana ukiingia pale, hadithi yako imeshaandikwa. Wanja aliingia amejifunika leso kichwani, Madam akaenda dirishani kumwandikisha. Nilimfuata hadi kwenye benchi, na Muthamia akaja akakaa nasi, ingawa hakuna aliyemwita. Mhudumu alipouliza damu ilikuwa ya nani, Wanja akatazama ukuta. Muthamia akasimama, akaingia, akatoa kadi yake ya kliniki mfukoni. Mlango ukafungwa. Nilikaa pale nje nikiomba sala za nyumbani na za shuleni, zikichanganyika.

Walimpima Wanja, na siku hiyo alikuwa salama, jambo ambalo halikusema lolote kuhusu jana. Akapewa dawa za mwezi mzima na kuambiwa arudi kupimwa tena, na tena. Zilimsumbua tumbo. Kila asubuhi nilimsikia akitapika, akinawa uso, akikaa hadi tumbo litulie, kisha akienda darasani. Usiku aliota anafunika sindano, akaamka amejishika kidole. Usidhani kuanza dawa kulimaliza woga wake. Kuliufanya uwe na ratiba tu.

Sasa nije kwa watu. Joyline wa chumba cha pili alikuwa amempeleka shangazi yake hospitali siku ile ile, na macho ya Joyline hayapitwi na kitu. Kisha kopo la dawa likaonekana sandukuni mwa Wanja. Wiki haijaisha, mabeseni yetu yakaanza kutengwa bafuni. Msichana mmoja akaniuliza, kwa huruma kabisa, kama siogopi kulala chumba kimoja na yeye. Hawa ni wanafunzi wa afya, nakwambia. Watu waliopata alama nzuri katika somo lenyewe.

Gedion, kiranja wa darasa, ndiye aliyeileta mbele ya watu. Madam alikuwa bado hajaingia maabara, sote tumevaa makoti. Akasimama, akasema anaongea kwa niaba ya wenzake.

"Wanja, hatukulaumu. Lakini tumesikia ulijidunga na sasa uko kwa dawa. Siku ile ulitoa damu ya watu wawili. Wa kwanza ni Kathambi, wa pili Muthamia. Sisi pia tunatoana damu. Tuko na haki ya kujua ni ya nani."

Macho yakahamia kwangu. Nilihisi uso ukiwaka moto, na wazo la kwanza lililonijia, nalisema lilivyokuwa, ni kuinua kidole na kumwelekeza Muthamia. Lilikuja kabla ya mengine yote. Muthamia alikuwa ameshika ukingo wa meza, kucha zimekuwa nyeupe, akingoja aangushwe, na sijui angefika wapi baada ya hapo. Kwao Kiirua hakuna anayejua isipokuwa nyanya yake.

Wanja akasimama. Alikuwa amekonda kwa kutapika, koti likimpwaya.

"Sikujidunga," akasema. "Hizo dawa ni zangu. Nilikuja nazo kutoka nyumbani."

Joyline akaweka mkono mdomoni.

"Si ya Kathambi, si ya Muthamia. Ni mimi. Mnataka kuuliza kingine?"

Nilijua alichokuwa anakifanya na nilijua bei yake. Kuna wasichana wawili wa kutoka Embu darasani mwetu, na mmoja huteremka Kanja kila likizo. Neno hilo lingefika kwa Gachoki kabla ya majani chai ya wiki hiyo kuchumwa. Yule aliyeogopa kumwambia baba yake kwamba amefunika sindano, alikuwa amekubali baba aambiwe hili. Aliketi, akafungua daftari lake.

Madam Cicily aliingia bila kujua yaliyopita. Akatangaza kwamba leo tunarudia kutoa damu, kwa sababu kuna watu wamesahau kanuni, na kwamba Wanja ataanza mbele ya wote. "Nani atampa mkono?"

Hakuna mkono uliosogea. Gedion aliinama akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Veronicah, aliyekuwa akisali na Wanja kila Jumapili, alivuta mikono ya koti lake hadi kwenye kucha. Madam akauliza tena. Wanja alisimama mbele na mpira mkononi, akitazama sakafu, na shingo yake imejaa madoa mekundu.

Kando yangu Muthamia akaanza kuinuka. Nikamshika koti chini ya meza nikamvuta kwa nguvu zangu zote, maana angesimama yeye, hata mjinga angejumlisha akajua damu ilikuwa ya nani. Akakaa. Na kwa kuwa mkono wangu wa pili ulikuwa hauna kazi, nikauinua.

Nilikwenda mbele. Nilijua yote ya kujua: kwamba sindano ilikuwa mpya, kwamba yeye ndiye anatoa na mimi ndiye natolewa, kwamba hana kitu, kwamba hata angekuwa nacho nisingekipata kwa njia hiyo. Nilijua, na niliogopa vilevile. Wanja alinifunga mpira. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Unatetemeka," akaninong'oneza.

"Na wewe pia," nikamwambia. "Toa damu, wacha maneno."

Nikakunja ngumi, akaanza kutafuta mshipa.